Volvo FH ya oto: kitufe cha P niwashe wapi, Kitonga tu au safari nzima?

Kijana_wa_Semi

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nina swali kwa wanaoendesha semi za oto. Mimi nimetokea kwenye gari za manyuo (za kubadilisha gia kwa mkono), sasa nimekabidhiwa Volvo FH 500, injini ya D13 na giaboksi ya I-Shift, natembea Dar kwenda Lubumbashi. Kupanda tunabeba makontena, saa ingine salfa, kurudi ni shaba. Nikijaza mzigo mizani inasoma karibu na zile tani 56.

Sasa pembeni ya kijiti cha gia kuna kitufe cha E (ya kubana mafuta) na P (ya nguvu). Dereva aliyenikabidhi gari aliniambia weka P toka Kibaha mpaka Tunduma na usiitoe maana hiyo gari ni nzito, fundi wetu wa gereji yeye anasema P inaua giaboksi nisiiguse kabisa, alafu bosi anaangalia mafuta kwenye kompyuta kila siku na akiona yamepanda anapiga simu. Nimebaki katikati.

Ninachokiona mimi ni kwamba nikipanda mlima wa Kitonga na E gari inahangaika na gia, inapandisha, inaona mzigo, inashusha tena, na kila ikibadilisha mwendo unakatika mpaka natembea kama mtu anayesukuma mkokoteni na nyuma kuna foleni ya mabasi. Nikiweka P inalia sana, mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) unafika 1,700 na roho inaniuma kwa ajili ya dizeli. Wenzangu mnaitumia wapi na mnaitoa wapi? Na kweli inaharibu giaboksi?

Mzee_wa_Mizani

Marahaba kijana. Umeuliza swali zuri na wengi wanaendesha hizi gari miaka bila kuuliza, kwa hiyo kaa hapa tuelewane taratibu.

Kwanza kabisa P haiongezi hosipawa hata moja. Injini ni ileile na dizeli ni ileile. Inachobadilisha ni wakati wa kubadili gia. Ukiwa E kompyuta inapandisha gia mapema resi zikiwa chini, ukiwa P inaiacha gia ikae mpaka resi zipande ndo inabadilisha, na mlimani inashusha gia mapema zaidi kabla injini haijachoka. Basi, kazi yake ni hiyo.

Sasa kwa nini hiyo inasaidia mlimani. Hiyo D13 ya 500 msuli wake (torki) ni Nm 2,500 na unaupata kuanzia resi 1,100 hivi mpaka 1,400. Watu wakisikia hivyo wanasema ah basi nipande na 1,100 kuna msuli wote. Lakini kinachosogeza tani 56 kwenda juu ni nguvu, na nguvu ni msuli mara resi. Piga hesabu, Nm 2,500 kwenye resi 1,100 zinatoka kama hosipawa 390 tu, zile 500 ulizonunuliwa unazikuta kuanzia 1,400 na zinabaki hapo mpaka karibu 1,800. Yaani ukiwa Kitonga na 1,100 kuna hosipawa 110 umeziacha chini ya boneti.

Kwa mwendo ina maana gani? Chukua mlima wa asilimia 7 na tani 56. Ukitumia nguvu yote utapanda kama kilomita 28 kwa saa. Ukipanda na zile 390 ni kama 22. Hapo bado hujabadilisha gia, na ndo tunafika kwenye shida uliyoisema.

Hii I-Shift tunaiita oto lakini ndani ni giaboksi ya manyuo yenye gia 12 na klachi pleti moja kavu, kompyuta ndo inakanyaga klachi badala ya mguu wako. Kila ikibadilisha gia nguvu inakatika kidogo. Barabara ya sawa husikii, lakini kwenye mlima mkali na mzigo gari inapoteza mwendo ndani ya huo muda mdogo. Alafu kila gia inashusha resi kama asilimia 22. Ukibadilisha kwenye 1,300 unadondokea 1,000 na kitu, huko injini haiwezi, kompyuta inagundua, inashusha tena. Hiyo ndo hangaika yako ya E. Ukiwa P inabadilisha kwenye 1,700, inadondokea 1,300 na kidogo ambapo bado kuna msuli, inaendelea kuvuta. Kwa hiyo kelele unayoisikia mlimani ni injini iko sehemu yake ya kazi, isikutishe.

Sasa wapi. Mimi nakupa kwa barabara yako. Dar mpaka Morogoro E, hata usifikirie. Mikumi E, pale mbugani mwendo wenyewe ni wa taratibu. Kutoka Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni kuna vilima, hapo iache kompyuta, ukiona imeanza kuhangaika na gia ndo weka P, ukimaliza kilima toa. Kitonga sasa, weka P ukiwa bado chini kwenye sawa, usisubiri mpaka gari imeshalala kwenye kona ndo ubonyeze, kwa sababu kompyuta haioni mlima ulio mbele yako, inasoma mwinuko ulioko chini ya matairi na uzito basi. Wewe ndo una macho. Ukifika juu kabla ya Ilula toa. Mafinga na Makambako ile barabara ya kupanda na kushuka, E na uchukue kasi ya mteremko ikusaidie kilima kinachofuata. Chimala E. Ukianza kupanda Inyala kwenda Uyole P, na Mlima Nyoka P. Ukishafika Uyole toa, maana baada ya Mbeya mjini unaenda kushuka Iwambi, na kushuka ni habari nyingine.

Simba_wa_Nakonde

Mzee heshima yako ila mimi nasimama na aliyemkabidhi gari. Mimi P naweka asubuhi natoa usiku. Gari inakuwa nyepesi, ukikanyaga inaitika, ukitaka kuovateki unaovateki. E inalala sana, haifai kwa gari ya mzigo.

Mzee_wa_Mizani

Simba nakuelewa, gari ikiwa P inaitika kweli, hilo silipingi. Lakini angalia barabara yetu ilivyo. Kila kijiji kuna kibao cha 50, kuna matuta, unashuka mpaka 20, alafu unaondoka tena mpaka 80 ambayo ndo mwisho wa lori kisheria. Sasa Chalinze mpaka Tunduma hiyo unaifanya mara ngapi? Kila ukiondoka kwenye tuta na P unapandisha kila gia mpaka 1,700 kwenye barabara ya sawa ambapo hakuna kinachokudai. Dizeli inaondoka hapo, Kitonga wanaisingizia. Kitonga ni kilomita chache, matuta ni nchi nzima.

Na kuovateki huhitaji P. Kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, kule mwisho kuna kituo pedali inagonga, ukipita hapo gari inashusha gia yenyewe na inakupa kila kitu kwa muda huo, ukiachia inarudi kawaida. Hiyo kazi ya sekunde kadhaa, huna haja ya kuwasha kitufe siku nzima.

Fundi_Gia_Mbeya

Nimeona fundi ametajwa nikasema niweke neno, mimi nafungua hizi giaboksi, za Volvo, za Scania Opticruise na za Mercedes.

P haiui giaboksi. Sijui huyo mwenzangu alikuwa na maana gani, labda ameona gari za wanaoitumia vibaya zinakuja zimeungua klachi akaunganisha. Resi 1,700 au 1,800 kwa injini hii ni sehemu halali, mtengenezaji mwenyewe ndo kapanga hivyo. Kinyume chake, gari inayopandishwa mlima na resi 1,000 mguu umekanyaga mpaka chini ndo inayoumia, moto wa egzosti unapanda, mtikisiko unapiga propela shafti na difu, na kwa kuwa pampu ya maji na feni zinazungushwa na injini, resi zikiwa chini maji nayo yanazunguka polepole wakati joto ni kubwa. Jua la Ruaha Mbuyuni mchana mnalijua wenyewe, ukitoka pale ukaingia Kitonga na resi za chini mshale wa joto utauona unatembea.

Kinachoua klachi nawaambia leo na muwaambie wenzenu. Ni foleni ya mlimani. Mbele kuna gari imeharibika, mnasogea mita tano mnasimama. Dereva badala ya kukanyaga breki anaishikilia gari isirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Kwenye oto ya gari ndogo hiyo inawezekana kwa sababu kuna oili katikati, huku hakuna, ni pleti kavu inasugua. Tani 56 zinaning'inia kwenye pleti moja. Ndani ya dakika chache dashibodi inakuandikia klachi imepata moto, dereva anabonyeza ile meseji iondoke anaendelea. Hiyo gari mwezi ujao iko kwangu. Simama na breki, subiri nafasi ya kutosha, ondoka moja kwa moja. Kama gari yako ina ile ya kuzuia isirudi nyuma wakati wa kuondoka iwashe.

Na kuondoka penyewe mlimani na mzigo usiiachie kompyuta ichague gia, hakikisha uko gia ya 1. Saa ingine unatoka kupakia, gari bado haijajua imebebeshwa nini. Hizi gari hazina mizani chini, zinakisia uzito kwa kuangalia zinavyoongeza mwendo, kwa hiyo gia za mwanzo baada ya kupakia au kushusha zinaweza kuchagua vibaya, ukishatembea kidogo inajirekebisha. Watu wanaleta gari wanasema giaboksi mbovu kumbe imetoka bandarini sasa hivi.

Rafiki_wa_Barabara_254

Salamu kutoka Kenya. Mimi niko Mombasa–Malaba na Scania, huku kwetu mlima wetu ni ule wa kutoka Nakuru kupanda Timboroa, mrefu hauishi, na juu kule uko zaidi ya mita 2,700 hewa ni nyepesi, injini inasikia. Nakubaliana na Mzee. Pawa naweka nikianza kupanda na mzigo, nikifika juu naitoa.

Kitu kimoja cha kuongeza, si kila gari iko na hizo modi sawa. Scania yangu iko na Eko, Standadi na Pawa, ya rafiki yangu iko na mbili tu, inategemea vile tajiri aliagiza gari. Zingine ofisi imefungia Pawa kwa kompyuta, unabonyeza hakuna kitu. Kwa hivyo kabla hujalaumu gari uliza kwanza imewekwa aje.

Na kushuka jamani. Sachangwan kuja Salgaa imemaliza watu wengi huku kwetu, malori yakishuka na nyutro ati wanaokoa mafuta, breki zinashika moto halafu hakuna kitu inasimamisha hiyo gari. Nimesikia madereva wakisema niko Pawa kwa hivyo niko sawa kushuka. Pawa sio breki. Tofauti tu ni kwamba kwa gari nyingi ukiwa Eko, kwenye mteremko mdogo kompyuta inaachia gia yenyewe gari iteleze, na ukiweka Pawa hiyo kitu inazimwa. Lakini mteremko mkubwa na mzigo wewe mwenyewe ndio unafaa kuwa umeshika gia na ritada (breki ya ziada isiyotumia breki za matairi) kabla ya kushuka.

Kijana_wa_Semi

Wakuu nawashukuru sana, nimesoma mara mbili. Naomba niulize tena mambo mawili matatu. Moja, kuna jamaa wanapanda Kitonga na M wanachagua gia wenyewe, je ni bora kuliko P? Mbili, mvua ikinyesha au nikiwa Zambia sehemu barabara wanatengeneza tunapitishwa kwenye tope pembeni, hapo niweke P? Na tatu, kurudi na shaba nashuka Kitonga na mzigo wote, Rafiki amegusia lakini nataka kujua resi ngapi.

Mzee_wa_Mizani

La kwanza. M ni nzuri sana mlimani ukiwa unaujua mlima. P bado ni kompyuta inaamua, na Kitonga kuna kona ambapo mwinuko unapungua kidogo, kompyuta inaona ah nafasi imepatikana inapandisha gia, mita hamsini mbele mwinuko umerudi inashusha, umepoteza mwendo mara mbili. Wewe unajua kona hiyo ni ya kudanganya, kwa hiyo unashika M, unatafuta gia inayokuweka kati ya 1,400 na 1,700 na unatulia nayo. Kama resi zinafika 1,800 na bado zinapanda ongeza gia moja, kama zinashuka 1,200 toa moja mapema usisubiri 1,000. Kwa dereva aliyetoka manyuo kama wewe hii utaizoea upesi. Ila usisahau kurudisha A (kompyuta ichague gia) ukifika juu, hilo nakusisitiza.

La pili hapana. Kwenye tope P inakudhuru, inapandisha resi na tairi zinazunguka bure zinachimba. Weka M, gia ya 2 au ya 3 kulingana na mzigo, funga difu loki (inayozungusha tairi za difu pamoja) ukiwa bado umesimama kabla hujaingia, ingia polepole na mguu uleule bila kuongeza na kupunguza, na usibadilishe gia katikati maana ile kukatika kwa nguvu ndo kunakusimamisha. Ukitoka toa difu loki kabla hujakata kona.

Gari tupu pia sahau P. Hosipawa 500 na tani 18, E inapanda kokote.

Fundi_Gia_Mbeya

La tatu nijibu mimi. Injini breki ya hiyo D13, kama ni ile VEB+, nguvu yake kubwa iko kwenye resi 2,300. Ndiyo, 2,300, ukiwa hukanyagi mafuta injini haimwagi dizeli, usiogope mshale. Dereva anashuka na gia ya 10 resi 1,300 anasema injini breki haishiki, haiwezi kushika, umeinyima resi. Kabla ya mteremko punguza mwendo kwa breki ya mguu ukiwa bado juu, ingia na gia ya chini, alafu vuta kijiti cha breki mpaka B, ukiwa B giaboksi inashusha gia yenyewe kutafuta resi za juu. Breki ya mguu unagusa kwa nguvu kwa muda mfupi unaachia, usiipapase njia nzima, kupapasa ndo kunaleta moshi.

Wenye ritada ya oili, ile inapeleka joto lake kwenye maji ya injini, kwa hiyo nayo inataka resi zisiwe chini, 1,800 kwenda juu, la sivyo maji yanachemka na kompyuta inapunguza ritada yenyewe katikati ya mteremko wakati unaihitaji. Na mvua ikinyesha gari tupu usivute ritada mpaka mwisho, inashika tairi za difu peke yake, kichwa kinaweza kuteleza na treila likakusukuma.

Simba_wa_Nakonde

Haya Mzee, safari ya kesho nitatembea na E sehemu za sawa nione, Kitonga nikipanda, na Iwambi nikirudi, nitaweka P. Nitaleta majibu ya mafuta hapa.

Mzee_wa_Mizani

Vizuri Simba, ila linganisha mzigo sawa na mzigo sawa, usilinganishe salfa na gari tupu. Na upepo pia, Makambako siku ya upepo wa mbele inakula dizeli bila kujali kitufe.

Kijana kuhusu bosi wako, usiogope ile kompyuta yake, itumie. Ile mifumo haionyeshi lita peke yake, inaonyesha pia resi ulizotembea nazo, muda umesimama injini inaunguruma, mara ngapi umekanyaga breki. Mwombe akuonyeshe. Akiona resi za juu ni Kitonga, Inyala na Iwambi tu na kwingine kote uko kwenye kijani cha saa ya resi atakuelewa, na kama mafuta bado yako juu basi mtafute sababu nyingine, upepo wa tairi, feni isiyokatika, au kule kulala na injini inawaka kwa ajili ya AC.

Fundi_Gia_Mbeya

Na rejeta. Kabla hujapakia fungua grili ya mbele uangalie rejeta na ile ya hewa ya tabo iliyo mbele yake, vumbi la Zambia na wadudu vinaziba katikati huwezi kuona kwa mbali. Ikiziba feni inafunga muda wote, inakula hosipawa zako na dizeli, na utasema P ndo inakunywa. Puliza na hewa kutoka upande wa injini kuja mbele, usipige maji ya presha karibu yatakunja zile bati nyembamba.

Kijana_wa_Semi

Asanteni sana. Napakia keshokutwa, rejeta naisafisha kesho asubuhi hapa yadi. Ile ya kushikilia gari mlimani kwa mafuta nitamwambia na mwenzangu wa gari ya pili, ya kwake ile meseji ya klachi imeshatokea.

Fundi_Gia_Mbeya

Kama imeshatokea asipakie kwanza, wapime klachi imebaki kiasi gani, kwa kompyuta inasoma bila kushusha giaboksi.